Mapazia Mawili ya Gereji ya Afande

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nilale chini. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, kwa sababu nilidhani kazi ni ya kuuza dukani. Hajati wa Kisenyi, hapa Kampala, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akanipeleka nyuma ya duka lake, kwenye gereji kuukuu ambayo mafundi wa magari walikuwa wameihama. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa oili. Akasema, "Lala."

"Nilale wapi, Hajati?"

"Hapo hapo. Shavu lako liguse sementi."

Nikamwambia gauni litachafuka. Akasema, "Gauni linafuliwa. Kifaranga aliyekufa kwa baridi hafuliwi. Lala, binti wa kambi, uniambie upepo unatoka wapi."

Nikalala. Mwanzoni sikusikia kitu ila harufu ya oili. Kisha nikausikia, mwembamba kama uzi, unapita chini ya lango la chuma na kunigusa sikio. Nikaunyooshea kidole. Hajati akaguna. "Upo mwingine," akasema. Nikajigeuza, nikaupata kwenye kona, palipokuwa na tundu la bomba lililong'olewa. "Sasa inuka ukaoge," akasema. "Kazi umepata."

Aliniita binti wa kambi kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, nami nilikulia katika nyumba za bati za kambini, ambako kila kabila lilikuwa na lugha yake na Kiswahili kilikuwa cha wote. Ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana kwa Kiswahili. Shule niliishia darasa la tatu. Sioni aibu na sitaki mnionee huruma. Kusoma nilijimalizia mwenyewe, kwa kusoma maandishi ya mifuko ya chakula cha kuku, na yeyote anayedhani hiyo si elimu aje aniambie mfuko una nini ndani.

Kazi yenyewe ilikuwa kulea vifaranga wa siku moja. Hajati aliwapokea kutoka kwa wenye mashine za kutotolea, akawalea mpaka wakaota manyoya ya kweli, kisha akawauza kwa watu wasio na subira. Kifaranga wa siku moja hana uwezo wa kushika joto. Ana manyoya laini ya njano tu, ambayo hayazuii kitu. Akikosa mama wa kumfunika anamtafuta mwenzake, mwenzake anamtafuta mwingine, wanapandana, na kukicha wale wa chini wote wamekufa kwa kukosa pumzi. Mlezi wa vifaranga ni mtu anayezuia hilo lisitokee.

Na kwa nini gereji? Kwa sababu mjini watu wana gereji nyingi kuliko mashamba. Mtu analitoa gari lake nje linyeshewe, anaweka kuku. Lakini gereji ilijengwa kwa ajili ya gari, na gari halisikii baridi. Lango ni la chuma, chini yake paka anapita bila kuinama. Sakafu ni sementi tupu. Juu ni mabati bila dari. Ukiwasha moto humo unapasha joto anga lote la Kampala.

Wapo wanaosema Kampala hakuna baridi. Hao hawajawahi kuamka alfajiri katika majira ya mvua. Mtoto wa dada yangu anaishi nchi ya theluji, na siku moja alinipigia simu akicheka, "Mama mdogo, huku gereji yangu inaganda mpaka mlango hautaki kufunguka. Wewe unaniambia baridi ya Kampala?" Nikamwambia joto linatoroka kwa njia zilezile, kwake na kwangu, kwake linakimbia, kwangu linatembea. Nikampa maelekezo haya ninayowapa ninyi. Baada ya muda alipiga tena. Hakucheka, alikuwa anauliza habari ya dari.

Hajati alianza na sakafu. "Sementi ni mlevi," alisema. "Inakunywa joto na haishibi." Tulitandaza maboksi yaliyofunguliwa, juu yake magunia, na juu ya magunia makapi ya kahawa, unene wa shibiri. Makapi ni yale maganda makavu yanayobaki kahawa ikishakobolewa. Ni mepesi, na katikati yake kuna hewa. Hiyo hewa ndiyo tandiko lenyewe.

Kisha lango. Chini yake tulilaza nyoka. Nyoka ni mguu wa suruali kuukuu uliojazwa maranda ya seremala na kushonwa ncha zote mbili. Ukimlaza kwenye nafasi ya lango anafuata mabonde ya sakafu, jambo ambalo ubao hauwezi. Mbele ya lango tulitundika mablanketi na magunia yaliyoshonwa pamoja. Mimi nilitaka kuyabana kwenye chuma. Hajati akanipiga mkono. "Acha nafasi ya kiganja. Blanketi likigusa chuma nalo linakuwa chuma. Hewa iliyolala hapo katikati ndiyo blanketi la kwanza." Maneno hayo, hewa iliyolala, nimeyatumia maisha yangu yote. Hewa inayotembea inaiba. Ile iliyolala haibi.

Dari tuliishusha. Joto hupanda, na anayelea viumbe wanaoishi sakafuni hana haja ya kupasha joto kule juu. Tulifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, chini kidogo ya kimo changu, tukatandaza mikeka ya mafunjo. Kwa hiyo miaka yote nimefanya kazi nimeinama, na mgongo wangu una habari hiyo.

Mwisho, mlango mdogo wa kuingilia. Hapa wengi wanakosea hadi leo. Wanaziba kila ufa, halafu wanaingia na kutoka kama sokoni, na kila mlango unapofunguka joto la asubuhi nzima linakwenda. Hajati alitundika mapazia mawili mazito, moja mlangoni na la pili hatua chache ndani, na sheria yake ilikuwa moja: usiguse la pili kabla la kwanza halijatulia nyuma yako. Siku niliyosahau aliniambia mbele ya wateja, "Umefungua nyumba mbele na nyuma. Sasa inaharisha." Alikuwa mama wa dini sana, lakini kazini hakupaka maneno sukari.

Hajati alipozeeka na kufunga duka, nilichukuliwa na Meneja. Alikuwa Mkenya, mtu wa kanisa, ameletwa kusimamia mabanda makubwa ya vifaranga nje ya mji. Vipimajoto vilining'inia kila mahali kwake kama rozari. Tuligombana tangu wiki ya kwanza. Mimi nilisoma vifaranga. Wakikusanyika kwenye jiko wanasikia baridi. Wakikimbilia kuta joto limezidi. Wakienda wote upande mmoja, upepo unatoka upande wa pili. Wakitawanyika kama nafaka iliyoanikwa, nenda kanywe chai. Meneja alisoma kioo cha kipimajoto chake.

"Mama," aliniambia, "ukisoma vifaranga unajua vile wako sasa. Hii kitu inakuambia vile watakuwa baadaye. Soma zote mbili. Ni nani alikuambia uchague?"

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Tangu hapo nimekuwa na kipimajoto changu mwenyewe.

Ni Meneja pia aliyenifundisha mkaa. Vifaranga tuliwapasha joto kwa sigiri, jiko la mkaa, na kila mtoto wa Kampala anajua kuwasha sigiri. Kulitumia mahali palipofungwa ni jambo jingine. Siku moja aliniita kwenye banda ambalo si langu. Mlezi wake, kwa kuogopa mvua, alikuwa ameziba kila kitu, hata lile tundu la juu tunaloliacha kwa ajili ya hewa. Nikachungulia. Vifaranga walikuwa wamelala, wametawanyika vizuri, kama ninavyopenda. Nikasema hawa wako sawa.

"Shika mmoja," Meneja akasema.

Nikamshika. Alikuwa bado na joto, lakini shingo ilining'inia.

"Mkaa ukishaiva hauna moshi wala harufu," Meneja akasema. "Lakini sumu iko. Wanalala tu. Ukifunga joto, Mama, uache tundu. Na mtu asikae ndani na sigiri, tundu liwepo lisiwepo. Mtu si kifaranga, hatuna wa kumbadilisha."

Hiyo ndiyo sheria ya pili niliyobeba, baada ya ile ya mapazia.

Nilipotoka kwa Meneja nilijitegemea. Nilizunguka Kampala na turubai zangu begani, nikifunga gereji za watu na kulea vifaranga wao mpaka wakomae. Watu wakaniita Mama Turubai. Nimefanya kazi kwa mawakili, kwa masista, kwa muuza nyanya wa soko la Kalerwe aliyekuwa na gereji kubwa kuliko ya wakili. Lakini nikiulizwa kazi moja, nasimulia ya Afande.

Afande alikuwa inspekta mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini kama baba yangu, mwenye nyumba kwenye mteremko wa kilima cha Mengo. Nyumba ilikuwa ya zamani, ina matundu ya hewa juu ya kila dirisha na mabati yaliyochoka. Gereji aliijenga baadaye, kwa tofali nzuri, na sasa alitaka vifaranga humo kwa sababu kustaafu kulimkera. Niliifunga yote: sakafu, nyoka, mablanketi, dari, mapazia mawili. Kila kitu kilikuwa kipya au kimefuliwa, kuta zimepakwa chokaa. Kuku hata mmoja alikuwa hajakanyaga humo.

Ndipo mke wa mwanawe akajifungua. Mwana mwenyewe ni mwanajeshi, wakati huo alikuwa kazini mpakani. Mke ni Mganda wa Buganda, binti mpole, na watoto walikuja kabla ya wakati wao, mapacha, wasichana wawili. Hospitali iliwaweka mpaka wakajua kunyonya, kisha ikawaruhusu. Kwa Waganda mama wa mapacha huitwa Nalongo, nami nitamwita hivyo. Muuguzi alimpa maagizo mbele yetu sote: watoto wakae kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, katika chumba chenye joto, bila upepo, bila moshi.

"Miili yao haijajua kushika joto," alisema. "Wakipoa tunaweza kuwapoteza."

Nilisikia maneno hayo nikajua ninazungumziwa mimi.

Mvua ilikuwa inanyesha kila siku. Ndani ya nyumba ya Afande upepo ulipita kama mpangaji aliyelipia. Afande akasimama uani na mwavuli, akaitazama gereji.

"Mama Turubai, humo kuna joto?"

"Lipo, Afande."

"Kuliko chumbani kwangu?"

"Chumbani kwako, Afande, hata jogoo mzima angehama."

Akafikiri kidogo. "Basi vifaranga watasubiri. Wajukuu wangu wanaingia."

Muuguzi akaja kukagua. Alisoma kipimajoto changu, akatia kiganja ukutani, akalitafuta tundu la juu akaliona. Kisha akaniambia niondoe makapi ya kahawa, kwa sababu vumbi lake litawaingia watoto kifuani. Sikubishana. Nikayatoa yote, nikatandika maboksi na mikeka mizito. Sigiri sikuiweka. Badala yake nilipanga jerikeni za maji moto kando ya kuta, kila moja nimeivisha gunia ili joto litoke polepole na mtu asiungue. Ilipopoa moja niliipeleka jikoni na kuleta nyingine. Nalongo aliketi katikati, watoto kifuani ndani ya nguo yake, vichwa vyao vidogo vimevikwa soksi za Afande zilizokatwa. Kioo kilisimama palepale nilipotaka.

Shida ikawa wageni. Mapacha si watoto wa mtu mmoja. Mtaa mzima unakuja kuwaona. Na salamu za Waganda hazina haraka. Mtu anapiga magoti mlangoni, anauliza umelalaje, anakushukuru kwa kazi, anaguna, anaguniwa, anauliza habari za nyumbani, anaguna tena, na muda wote huo mlango uko wazi na mvua inatazama ndani. Mgeni mmoja mwenye adabu alinishushia kioo kuliko upepo wa usiku mzima. Kama ni vifaranga, ungewafungia watu nje. Lakini ukimzuia mtu asione mapacha, watasema kuna jambo baya linafichwa.

Kwa hiyo niliyasogeza mapazia yangu. La nje likabaki mlangoni, la ndani nikalirudisha nyuma mpaka katikati yake pakatosha mtu kupiga magoti. Nikaweka mkeka hapo. Mgeni anaingia, la kwanza linafungwa, anapiga magoti, anasalimia kwa sauti kupitia pazia la pili, anajibiwa, anamaliza adabu zake zote. Nikiona maji hayamtiririki tena, namfungulia la pili kidogo, anachungulia, anafurahi, anaondoka. Watu walizoea. Wengine walisema kule ndani ni kama kwa mfalme.

Kisha Jaja akaja. Jaja ni bibi kwa Waganda, na huyu ndiye aliyemlea Nalongo. Alitoka kijijini kwao na mkeka wake mwenyewe na kikapu cha mboga, mzee mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alisema Kiluganda, nawaandikia kwa Kiswahili nilivyomwelewa. Alipomaliza kutazama watoto alinitazama mimi.

"Huyu ni wa hospitali?"

"Hapana, Jaja," Nalongo akasema. "Ndiye aliyefunga chumba. Kazi yake ni vifaranga."

"Kumbe wajukuu wangu wamekuwa kuku."

"Jaja," nikamwambia, "kuku wa watu nimewalea tangu usichana. Hawafi ovyo."

Akacheka kwa pua. Halafu akazunguka chumba akigusa jerikeni moja moja. "Moto uko wapi?"

"Uko jikoni. Humu tunatumia maji."

"Maji moto ni ya kuoga. Nyumba ya mzazi haikai bila moto."

Nikamweleza habari ya mkaa. Akanisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuuzia kitu. "Nimelea wanangu kando ya jiko," akasema, "na huyu mama yao nimemlaza kando ya jiko. Amekufa?"

"Nyumba yako, Jaja, paa lake ni la nini?"

"Nyasi."

"Na kuta zina nyufa?"

"Zina. Ni nyumba ya zamani."

"Basi hiyo nyumba inapumua. Hii nimeiziba pua, imebaki na tundu lile moja."

Akalitazama tundu la juu. "Ndiyo hapo baridi inapoingia," akasema, na tukaishia hapo.

Niseme ukweli, alikuwa mlezi mzuri. Alijua namna ya kumpa Nalongo uji, alijua kumsugua mgongo. Mchana mmoja jerikeni ilianza kuvuja, nikamwachia chumba nikaenda Kalerwe kutafuta nyingine. Mvua ikanikamata huko. Nilisimama chini ya kibanda cha muuza viazi, nikingoja, na nilipoona haikomi nikarudi hivyohivyo, nimejifunika kichwa kwa jerikeni niliyonunua.

Nilipoingia uani nikapita jikoni kuijaza. Sigiri haikuwepo mahali pake.

Sikumbuki kukimbia, lakini jerikeni niliikuta baadaye karibu na bomba, kwa hiyo niliitupa. Nilipita mapazia yote mawili kwa pamoja. Joto lililonipokea lilikuwa zuri ajabu. Nilikitazama kioo kwa mazoea, nacho kilikuwa kimepanda kuliko siku zote. Sigiri ilikuwa katikati ya chumba, mkaa mwekundu, hakuna moshi. Juu, tundu langu lilikuwa limezibwa kwa kitambaa cha Jaja, kwa sababu mvua ilikuwa inarusha manyunyu. Jaja mwenyewe aliegemea ukuta, kidevu kifuani. Nalongo aligeuza macho polepole.

"Mama," akasema, na ulimi wake ulikuwa mzito, "kichwa kinaniuma."

Watoto walikuwa kifuani mwake, kimya, mikono yao imelegea.

Vijana, mimi kazi yangu ilikuwa kushika joto. Mikono yangu haikujua jambo jingine. Siku hiyo nililitupa nje kwa mikono hiyohiyo. Nilimwinua Nalongo kwapani, nikamtoa na watoto wake kifuani hadi barazani. Nikarudi nikamburuta Jaja. Nikarudi tena, nikalirarua pazia la ndani, nikalirarua la nje, nikamng'oa nyoka, nikavuta mablanketi na misumari yake, nikafungua lango kubwa mbawa zote mbili. Joto la siku zote zile lilinipita usoni likaenda. Mvua ikaingia mahali pake. Sigiri niliikamata kwa gunia nikaitupa uani, ikalia kama nyoka wa kweli.

Afande alitoka mbio na koti lake refu la polisi. Tukamfunika nalo Nalongo na watoto, pale barazani, mahali penye hewa. Mtoto wa kwanza alilia mara moja. Wa pili hakulia. Nilimsugua mgongo kwa vidole viwili, kama ninavyosugua kifaranga aliyepoa, na Nalongo akamwita jina lake, Nakato, Nakato, mpaka akakohoa na kukunja uso kwa hasira. Jirani akaleta gari. Hospitalini waliwawekea wote hewa ya mtungi, na muuguzi yuleyule akatuambia wangekawia kidogo zaidi wasingehitaji gari.

Jaja alitapika njia nzima. Alipopata nguvu ya kusema, aliniambia mimi, "Umewatoa wajukuu wangu nje, kwenye mvua."

Afande akachuchumaa mbele yake, pale kwenye benchi la hospitali. Hakupaza sauti. "Jaja, nimekuwa polisi maisha yangu yote. Milango ya watu waliolala na sigiri nimeivunja mwenyewe. Walikuwa wamelala vizuri. Wamejifunika vizuri. Hakuna aliyeamka kuniuliza kwa nini nimevunja mlango."

Jaja alileta moto kwa sababu aliwapenda, na nyumbani kwake moto huo usingemdhuru mtu. Ni mimi niliyeigeuza nyumba, na nyumba iliyogeuzwa ina sheria zake.

Waliporuhusiwa kurudi ilibidi gereji ifungwe upya, haraka. Nilikuta mtu amenitangulia. Jaja alikuwa ameketi sakafuni, miguu imenyooka, pazia langu la nje mapajani, anashona pale nilipolirarua. Alishona vizuri kunishinda. Alipomaliza akaniuliza, bila kunitazama, "Tundu linatakiwa kuwa kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha ngumi. Akakunja ngumi yake, akalinganisha, akatikisa kichwa kukubali.

Kuanzia siku hiyo alihamishia kigoda chake katikati ya mapazia mawili na hakuna aliyepita bila ruhusa yake. Mbele yake mimi nilikuwa mpole, ninyi hamjui. Yeye aliwanusa watu kama wamevuta sigara. Aliwafinya nguo kuona kama zina maji. Mchungaji wa Nalongo alipokuja kuwaombea watoto, alifunua pazia la pili huku la kwanza bado liko wazi, Biblia mkononi.

"Rudi," Jaja akamwambia. "Funga la nyuma kwanza."

"Nimekuja kuomba, Jaja."

"Ombea hapo. Mungu hasikii baridi. Hawa wanasikia."

Mchungaji akapiga magoti kwenye mkeka wa wageni akaombea kupitia pazia, na Jaja akaitikia amina kwa sauti kubwa, mkono wake umeshika ncha ya kitambaa.

Watoto walinenepa. Mvua zilipokwisha waliingia nyumbani, na mimi nikarudisha makapi ya kahawa na kumlelea Afande vifaranga wake, nao walikua vizuri, ingawa alilalamika kwamba sasa gereji ilikuwa kimya mno.

Nimestaafu sasa. Vumbi la makapi limekaa kifuani na daktari ameniambia nichague kati ya kuku na pumzi. Vijana wa leo wana taa za umeme za kupashia joto na maturubai ya nailoni, na wananipigia simu kuniuliza kwa nini vifaranga wanakufa. Nawauliza kwanza kama wameacha tundu. Wengi hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Sikusoma, lakini kunyamaza huko nakusoma. Kushika joto si kazi ngumu. Mtu yeyote mwenye magunia na uvumilivu ataiweza. Ugumu ni kukumbuka kila saa kwamba ndani ya hilo joto kuna anayepumua.

Mara kwa mara Nalongo ananialika chakula cha Jumapili. Mapacha, Babirye na Nakato, wako shuleni, wana magoti yenye makovu na sauti za Jaja wao. Hawafungi mlango hata mmoja. Wanatoka mbio, wanarudi mbio, milango yote ya nyumba ya Afande iko wazi mbele na nyuma, mapazia yanapepea, upepo unatuondolea leso mezani. Nalongo anawapigia kelele, "Mlango, ninyi watoto, mlango!" Kisha ananigeukia mimi, mtu wa milango, niwakemee.

Namwambia awaache.